Fundi Aliyeung'oa Msingi Wake

Moto ulishuka mlimani na upepo, ukala nyumba zote za ufukweni, ukazimika ulipokosa cha kula. Nyumba ya fundi mwashi ilibaki msingi na ngazi mbili.

Yeye na mama yake wakahamia chumba cha kupanga. Mama macho yalishafifia, akawa na ombi moja tu: "Nisifie kwenye nyumba ya watu, baba." Basi fundi hakungoja mtu. Wenzake walikaa wakisubiri maofisa: wa ufukwe, wa maji taka, wa kupima sumu kwenye majivu, na kila ofisa naye akimsubiri mwenzake. "Wavivu hao!" akasema, akashika sururu. Marehemu baba yake alimfundisha kwamba msingi uliopikwa na moto haubebi nyumba. Akaung'oa wote, akasawazisha mchanga, akafagia. Akafagia, jamani!

Ofisa wa ufukwe alipofika hatimaye, akazunguka pale peupe.

"Nyumba ilikuwa wapi?"

"Hapo hapo uliposimama, mheshimiwa."

"Mwenye msingi anajenga juu yake. Asiye nao anahesabiwa anaanza upya, na karibu na bahari hivi ruhusa mpya hatutoi tena."

"Lakini ulikuwa umepasuka!"

"Ungeuacha na nyufa zake."

Haya sasa, mjuaji! Jirani yake, mvivu wa kutupwa, ambaye hakugusa hata jivu, alipata ruhusa mwaka wa pili. Akamwajiri nani? Mganga hajigangi. Fundi akapanga matofali ya jirani juu ya msingi mbovu, roho inamuuma, na jioni mama akiuliza, anamdanganya: "Tumefika madirishani."

Asubuhi moja mama alikataa chai. "Nipeleke nikaguse."

Angemwambiaje? Akamshika mkono mpaka kwa jirani, akamwekea kiganja ukutani. Bibi wa watu akapapasa tofali kwa tofali, akacheka, akaegemeza shavu.

"Sasa hata nikifa sawa. Chumba changu kipi, baba?"

Fundi akajibu: "Cha upande wa bahari, mama."

Mke wa jirani akachungulia mlangoni. Alikuja kukagua kazi.

"We fundi! Huyu bibi anatafuta nini kwetu?"

Mama akauondoa mkono ukutani taratibu, akaupangusa kwenye gauni lake. Fundi akaangua kilio, mtu mzima na mvi zake.

"Usilie kwenye nyumba ya watu," mama akasema. "Tutoke."