Alama za Vidole Kwenye Chokaa

Usiku ule nililala na vumbi la chokaa kichwani. Mchana kutwa nilikuwa nachimba kuta za nyumba ya kale hapa Tanga mjini, nyumba ya mawe yenye lipu ya chokaa, mwenyewe akitaka soketi sita na swichi nne. Lipu ya namna hiyo haitaki papara. Unaigonga kwanza kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Pakilia patupu, ujue lipu imeachana na mawe, na ukipiga tindo hapo litakudondokea pande zima. Nilirudi mikono imekufa ganzi, nikajitupa kitandani bila hata kuoga.

Kabla sijasimulia nilichoota, lazima niseme habari ya ukuta mwingine.

Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenilea, yeye na Babu, katika nyumba yao ya Pangani. Nilipokuwa najifunza ufundi umeme, swichi ya kwanza kuifunga peke yangu ilikuwa ya chumba chao cha kulala. Niliifunga kando ya mlango wa uani. Miaka ikapita, mchwa wakala fremu ya mlango ule, ukazibwa kwa matofali, wakawa wanaingia kwa mlango wa ukumbini, kwenye ncha ya pili ya ukuta ule ule. Swichi yangu ikabaki kule kule. Bibi akiingia, anaweka kiganja ukutani na kutembea hatua tano akipapasa mpaka aifikie. Chumba kile kina dirisha moja dogo, na hata alasiri giza huwa limeshaingia.

"Mke mwenzangu," alikuwa akinitania, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, "wewe ni fundi wa watu. Sisi wa nyumbani utatuwashia lini?"

Nilikuwa nacheka. Nilimwambia dari ni la boriti na mawe, juu hakuna pa kupitisha waya, itabidi nichimbe ukuta kutoka kwenye swichi hadi mlangoni, na lipu ile ikianza kuporomoka haina mwisho. Nitakuja nikipata siku mbili nzima. Ningeweza kuupitisha waya nje ya lipu, ndani ya kijipaipu cha plastiki, kazi ya saa moja tu. Lakini nilijiona fundi mkubwa mno kwa kazi ya kubandika namna hiyo nyumbani kwetu. Kinyozi hajinyoi, ndivyo nilivyokuwa nikijitetea.

Jioni moja Bibi aliingia chumbani kuchukua mswala, akajikwaa kabla hajaifikia swichi. Nyonga ikavunjika. Alipelekwa hospitali, na hakurudi nyumbani tena ila kwa kuzikwa.

Baada ya matanga ndipo nilipouona mstari ule ukutani. Ulikuwa wa rangi ya chai, umetoka mlangoni ukaenda moja kwa moja hadi kwenye swichi. Vidole vya Bibi vilikuwa vimeingia kwenye chokaa kwa miaka yote ile ya kupapasa. Mjomba alitaka kuupaka ukuta upya, nikamwambia asithubutu. Na swichi nikasema isihamishwe, kwa sababu waya ungepita juu ya alama zile zile. Babu alikuwa ameketi pale pale akitusikiliza.

Basi usiku ule nilijiona bado niko kwenye kazi ya mchana. Nilikuwa nagonga ukuta na kusikiliza, nagonga na kusikiliza. Nikageuka kumwomba mwenye nyumba maji ya kunywa, nikakuta si yeye. Alikuwa Bibi. Ameketi ukingoni mwa kitanda chake cha kamba, anasuka ukili, na nyumba si ya Tanga tena, ni yetu ya Pangani. Sikushtuka. Nilijua kuwa amekufa, ila niliona ni utovu wa adabu kumtajia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umechoka."

Anauweka ukili chini, anainuka. Anatembea vizuri, nyonga yake nzima, na mimi namwangalia nyonga hiyo huku machozi yananitoka. Anaweka kiganja ukutani na kuanza kwenda. Namfuata. Ukuta hauishi. Tunapita ukumbini, tunapita uani ambako mlango umezibwa, tunapita tu. Tunapita wodini. Nakiona kitanda alichofia, kimetandikwa shuka safi, na mtu mwingine ameshawekewa chupa yake ya uji pembeni. Bibi hasimami. Kiganja chake kinateleza ukutani na mimi nahesabu hatua, kila nikifika tano naanza tena moja.

Halafu tumerudi chumbani. Ananitia tindo mkononi, ni baridi.

"Chimba."

Siwezi. Namwambia, "Bibi, hizi ni alama zako. Nikichimba zitakwisha, na mimi sina kitu chako kingine."

Ananitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo, nikigoma kuoga. Anaweka kidole juu ya ule mstari wa rangi ya chai.

"Hizi za juu ni zangu, kweli," anasema. "Na hizi za chini?"

Nainama. Kiasi cha shubiri moja chini ya mstari wake kuna mstari mwingine, mwembamba, mpya zaidi. Unakwenda ukitetemeka, hapa umekatika, hapa umeanza tena, na ukikaribia swichi unapanda ghafla. Moyo unaniuma, kwa sababu nimekwisha kuuona. Sikukuu ya Idi nilisimama mbele ya ukuta huu huu nikauona, nikajiambia ni unyevunyevu, nikaenda zangu jikoni kula pilau.

"Ni za mume wetu, mke mwenzangu," Bibi anasema. "Mimi nilipo sipapasi. Anayepapasa ni yeye."

Chumba kinaingia giza. Bibi simwoni tena. Nasikia kiganja kikiteleza kwenye chokaa, lakini si chake, kizito zaidi, na nasikia pumzi za Babu. Hatua moja. Nataka kumwita. Ya pili. Sauti haitoki. Ya tatu, na macho yake yana ukungu, hata mchana haoni vizuri. Ya nne. Tindo liko mkononi mwangu na sijapiga hata mara moja.

Nikaamka kabla ya hatua ya tano.

Kulikuwa kunapambazuka. Mto ulikuwa umelowa, na chokaa ya nywele zangu imegandana juu yake. Nilikaa kitandani nikilia kwa sauti, nikilia kwa ajili ya saa moja ile ya kijipaipu cha plastiki ambayo sikumpa Bibi. Kisha nikachukua simu. Nilijua Babu yuko macho, huamka kuswali.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mke wangu. Mbona mapema hivi, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Leo nakuja kuhamisha swichi ya chumbani kwako. Naileta mlangoni."

Nikasikia punje za tasbihi yake zikigongana.

"Na alama za bibi yako?" akauliza.

Nikainuka kitandani, simu sikioni.

"Maana mimi," akasema taratibu, "mkono wangu huupitisha chini yake. Nisije nikazifuta."

Niliegemea ukuta wa chumba changu. Mimi nilikuwa nimemwachia marehemu ukuta, na mzee wa watu, na macho yake hafifu, alikuwa akiinama gizani kila siku ili aniheshimie huzuni yangu. Au labda na yeye alikuwa na yake.

"Bibi kanijia, Babu," nikamwambia. "Ndiye aliyenituma."

"Kanitaja?"

"Hakuzungumza jingine."

Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akipenga kamasi.

"Basi njoo," akasema. "Lakini uwahi, mwanga ungalipo. Nataka nizishike alama zake kwanza."