Nilitia Sahihi, Mwenzangu Akafukuzwa Chuoni

Mimi ndiye niliyetia ile sahihi. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi na kuifuta, kwa hivyo leo nimeanza nayo ili nisipate pa kujificha. Mwenzangu alifukuzwa chuoni kwa sababu ya sahihi hiyo, na siku hiyo mimi nilikuwa nimeketi kando yake.

Nasomea stima, yaani umeme, katika chuo kimoja cha ufundi hapa Machakos. Chuo sitakitaja. Mwenzangu nitamwita Kioko, ingawa si jina lake.

Lazima mnijue kidogo ili mwelewe ujinga wangu. Mimi ni mtu wa kurudia kitu mpaka kinyooke. Stima nilianza kujifunza mwenyewe nyumbani Mitaboni, nikifungua redio mbovu za majirani, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kunisahihisha, nilizoea kujisahihisha mwenyewe. Nikikosea neno moja daftarini nararua ukurasa mzima. Siku ya kwanza chuoni tulipewa kijitabu cha haki na wajibu wa mwanafunzi. Wenzangu walikitumia kufunikia vikombe vya chai. Mimi nilikisoma mpaka nikakishika chote kichwani, sehemu baada ya sehemu. Ndiyo maana walinichagua mwakilishi wa darasa, na Kioko akaanza kuniita Wakili.

"Wakili, kitabu kinasema nini kuhusu mwalimu kutuweka na njaa?" alikuwa akininong'oneza kipindi kikipita saa saba.

Kila mwanafunzi wa stima huenda miezi mitatu kufanya kazi kwa fundi. Tunapewa kitabu cha kazi: kila siku unaandika ulichofanya, na kila Ijumaa fundi anatia sahihi. Kitabu kisipokubaliwa, hufanyi mtihani wa mwisho. Mimi na Kioko tulipelekwa kwa fundi mmoja Tala, mzee mpole aliyekuwa akiweka nyaya kwenye maduka mapya. Mikono ya Kioko ni mizuri kuliko yangu, hilo hata fundi alilisema. Lakini kuandika, hapana. Kazi zake aliziandika kwenye vipande vya katoni, akavijaza mfukoni, mzee akawa anamtilia sahihi kwenye kurasa tupu, na Ijumaa nne za mwisho hata hakumpelekea kitabu. Mimi changu nilikipeleka kila wiki. Kisha mzee akapata kazi Makueni, akaondoka.

Siku tatu kabla ya kurudisha vitabu chuoni, Kioko aliniletea chake na rundo la katoni.

"Wakili, nisaidie. Mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwa unga."

"Na hizi wiki nne hazina sahihi?"

"Iache hivyo. Nitaambia madam wa vitabu fundi ako Makueni, atampigia simu. Si hiyo kazi nilifanya?"

"Ulifanya."

"Basi."

Nilimwandikia kitabu chote. Kilipendeza kuliko changu. Asubuhi ya kuvirudisha nilikuwa navyo vyote viwili, nikafungua cha Kioko kwa mara ya mwisho na kuona zile nafasi nne tupu.

Natamani niseme ilikuwa huruma. Haikuwa. Kazi ile ilikuwa ya mkono wangu, na sikuweza kuitoa ikiwa na mapengo. Nikatazama sahihi ya mzee katika kitabu changu, nikaiiga mara nne. Haikunichukua hata dakika. Nakumbuka nilikifunga nikiwa na furaha, kama mtu aliyemaliza kufagia. Kioko sikumwambia.

Madam anayesimamia vitabu humpigia kila fundi simu. Mzee wetu alimsifu Kioko sana, kisha kwa nia njema akaongeza: "Lakini mwambie aniletee kitabu, sijamtilia sahihi wiki nne."

Kioko akapewa barua ya kufika mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la kughushi. Alinikuta karakanani nikipanga nyaya kwa rangi.

"Ni wewe?" aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Akacheka kidogo, akatikisa kichwa. "Si nilikuambia uache hivyo? Wewe nawe."

Kijitabu kinasema kwamba mwanafunzi anayeitwa na kamati ana haki ya kuja na mwanafunzi mwenzake akae naye na amsemee. Kioko alikuwa ameandika jina langu.

"Tukifika huko, wewe ongea tu vile ilikuwa," alisema. "Mimi sitakutaja. Ujitaje mwenyewe, ndio ikae na heshima."

"Nitaongea," nilimwambia. Na nilimaanisha.

Kamati ilikuwa na watu watano nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mlezi wa wanafunzi, mama mtaratibu asiyepaza sauti. Alifungua kitabu cha Kioko kwenye zile kurasa.

"Kioko, hizi sahihi ulitia wewe?"

"Hapana, madam."

"Nani alitia?"

Kioko akanigeukia. "Mwenzangu ataeleza."

Nikasimama. Watu watano walinitazama kwa upole, kwa maana kila mmoja wao alinijua mimi kama mwanafunzi wa mfano. Niliona mtihani wangu. Nilimwona mama yangu kanisani akimwambia kila mtu binti yake anamaliza mwaka huu. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Mwenyekiti, naomba kamati izingatie kwamba hili ni kosa lake la kwanza."

Sikuwa nimelipanga. Lakini likishatoka, mengine yalifuata kwa mstari. Nilizungumzia adhabu inayolingana na kosa. Nilitaja sehemu ya kijitabu inayosema mwanafunzi asaidiwe kujirekebisha. Nilisema Kioko ana bidii na kwamba wazazi wake ni wakulima. Mmoja wa wanakamati alikuwa akiandika na kutikisa kichwa kwa kukubali. Nilikuwa namwombea Kioko msamaha, na kila nilipoomba ndipo nilipozidi kumtia hatiani. Nani angeamini hakutia sahihi, ikiwa mtu wake mwenyewe anaomba ahurumiwe?

Kioko hakunikatiza. Alivuta kiti chake kidogo, mbali na changu.

"Kioko, uko na la kuongeza?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana. Amemaliza."

Alifukuzwa siku hiyo. Nilipokuwa natoka, mwenyekiti alinishika bega. "Umemtetea vizuri. Sheria ni sheria tu."

Mngedhani nimefika mwisho wa aibu yangu. Kijitabu kinampa mwanafunzi siku kumi na nne za kukata rufaa. Kioko alijua kuna rufaa, hakujua inaandikwaje wala inapelekwa kwa nani. Siku ya tatu akanitumia ujumbe: "Hii rufaa inaendaje?" Jibu nilikuwa nalo kichwani, hata namba ya ukurasa. Nikamjibu, "Ngoja nicheki." Siku ya tisa akauliza tena. "Bado nacheki." Siku ya kumi na tano nilihisi mabega yangu yameshuka, kama mzigo umetuliwa. Nawaambia ukweli wote: nilihisi nafuu.

Hakuniuliza tena.

Karibu miezi mitatu baadaye nilikutana na mama yake sokoni Tala, anakouza sweta za mitumba siku za soko. Nilitaka kupita nikiinamisha kichwa. Akaniita kwa jina, akanishika mikono yote miwili.

"Mwiitu wakwa," akasema, ndiyo kusema binti yangu, "Kioko aliniambia ulisimama na yeye huko ofisini. Wengine walimtoroka. Mungu akuweke."

Niliuliza Kioko yuko wapi.

"Ako Lukenya, kwa machimbo ya mawe. Anasema mikono isikae bure." Kisha akachagua sweta ya kijani, akaipima mabegani mwangu. "Chukua. Hii ni ya shukrani."

Niliichukua. Sikupata neno la kukataa ambalo lisingenifanya niseme yote mbele ya wateja wake. Kioko alikuwa amenificha hata kwa mama yake mzazi.

Jumatatu asubuhi nilienda kwa mlezi wa wanafunzi, na aliponionyesha kiti sikukaa. Nilimwambia kila kitu, pamoja na zile siku kumi na nne. Alinisikiza mpaka mwisho.

"Na siku ile ulikuwa hapa hapa," akasema. "Tulikuuliza wewe."



Kwa kuwa nilijipeleka mwenyewe sikufukuzwa, lakini nimevuliwa uwakilishi wa darasa. Mtihani sikuruhusiwa kufanya, na miezi mitatu ya kazi kwa fundi nitairudia. Ni haki. Mama yangu hanisemeshi sana siku hizi.

Kesi ya Kioko ilifunguliwa upya ingawa muda wa rufaa ulikuwa umepita. Nilimpigia simu, mashine za mawe zikinguruma nyuma yake.

"Nimepata barua," alisema.

"Utarudi?"

"Nitarudi. Kazi si naijua?"

"Kioko, nisamehe."

"Wacha kwanza, msimamizi ananiangalia." Akakata.

Amerudi, lakini mtihani wa wenzake ulishapita na atamaliza na kundi la nyuma yetu. Nilisikia kwamba alipoitwa tena mbele ya kamati, walimuuliza kama angependa mwanafunzi mwenzake akae naye. Akasema asante, ataongea mwenyewe.

Wewe uliye chuoni unayesoma haya, zijue haki zako, lakini usifanye nilivyofanya mimi, kuzijua zote na kuzitumia kujikinga. Mwenzako akikuchagua ukae kando yake, na kosa likiwa lako, usimwombee huruma. Sema, "Ni mimi." Ni maneno mawili tu. Mimi nilichelewa nayo miezi mitatu, na mwaka mzima wa mtu ukapotea.