Tarakimu Sita kwenye Foleni ya Maji

Nimevuka miaka arobaini, nimehama miji mingi, na bado nikiona watu wamepanga madebe bombani nakumbuka Newala na namba 142857.

Vita vya Msumbiji vilikuwa ng'ambo tu ya Ruvuma, na mgeni alitazamwa mara mbili. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimepanda kutoka Masasi kukaa kwa shangazi. Siku hiyo alinituma maji. Pale vyombo ndivyo vilivyopanga foleni: ukishachota, ukitaka tena, debe lako linarudi nyuma kabisa. Kumruka mtu ni ugomvi. Katika kungoja nikawa naandika mchangani zile tarakimu, mchezo wa shuleni.

Kiatu kikatua juu ya saba. Alikuwa mgambo wa zamu.

"Ndugu, unamhesabia nani watu wetu?"

"Ni hesabu tu, afande."

"Hesabu ya nini? Askari waliopita jana?"

Wiki ile kijana mmoja alikuwa amechukuliwa kwa sababu ya kioo mfukoni, eti anaonyesha ndege njia. Hakuwa amerudi.

Nikamwomba azidishe mwenyewe kwa tatu. Akachuchumaa, akahangaika na kijiti, akapata 428571.

"Zile zile! Umezibadilishia nafasi. Hii ni lugha ya siri."

"Tazama madebe, afande. Moja alikuwa mbele, kachota, karudi nyuma. Hakuna aliyerukwa. Ukizidisha kwa mbili, wamechota wawili."

Akazidisha: 285714. Moja na nne wako nyuma. Akajaribu nne, tano, sita. Kila mara foleni ilizunguka bila kuvurugika.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akacheka. "Kumbe namba zina adabu kuliko nyinyi wanaume, mnakuja na baiskeli mnajipenyeza!"

Wote wakacheka isipokuwa mgambo.

"Na saba?"

Nilikuwa naomba asiulize. Akapata 999999, akainuka taratibu.

"Foleni iko wapi sasa? Hawa wote wamevaa sare."

"Afande, namba haina sare."

"Mwache achote," yule mama akasema. "Shangazi yake jirani yangu, anangoja maji ya ugali."

Nikachota huku ananikodolea macho. Nilipojitwika debe alikuwa ameinama tena mchangani, anazidisha kwa nane. Jibu nililijua: 1142856. Nikaongeza mwendo, maji yakinimwagikia mgongoni.

"Wewe!" akaita. "Saba kaenda wapi?"

Sikugeuka. Nilipomsimulia shangazi, aliinjika sufuria ya maji kwanza, akafunga mlango, ndipo akasema kwa sauti ya chini:

"Lori la korosho linateremka Masasi alfajiri. Panda, mwanangu, kabla hawajaja humu kumtafuta huyo saba wao."