Mbao za Ghala na Handaki la Masanja

Leo asubuhi nimemgombeza mtu kisa mbao za kwenye gemu.

Ni ile gemu ya kujenga kwa vitofali ninayocheza na rafiki yangu Masanja. Tumeiongezea mod, yaani programu za nyongeza, za mashine. Mimi mwalimu natunza ghala, kila kitu kinajipanga chenyewe kwenye sanduku lake. Masanja anachimba madini. Na kazi yake ya kweli ni hiyo hiyo, kule Matongo.

Leo nakuta sanduku la mbao tupu. Tena!

Jamaa kazimaliza zote kuweka nguzo handakini. Kila hatua nguzo! Nimeshamwambia mara ngapi kwamba kwenye gemu mwamba haudondoki?

Nikamrushia sauti kwa hasira: "Masanja, acha ushamba. Handaki haliwezi kukuangukia. Rudisha mbao zangu."

Mchana nikajibiwa. Sauti ya mwanamke, na nyuma yake watu wanapiga kelele.

"Mwalimu, mimi mama Kulwa, mke wake. Simu aliniachia. Duara limetitia, yuko chini. Tangu juzi yeye na wenzake wanamlilia mwenye duara awaletee matimba, anasema kesho, kesho."

Kwa msiojua, duara ni shimo la dhahabu. Matimba ni magogo ya kulizuia lisianguke.

Kwa hiyo ile sauti yangu ameisikiliza mama Kulwa.

Mpaka jioni hii bado wanafukua. Mlioko Matongo, mwenye habari aniandikie. Hata kama ni mbaya.

Nimeingia kwenye gemu, nimetembea handaki lake mpaka mwisho.

Nguzo zote zimesimama. Sijagusa hata moja.