Mgeni mwenye pampu ya insulini Katubuka, na siku mashine ilipotudanganya

Habari za mchana wakuu,

Hii sijasimuliwa, nilikuwepo mwenyewe.

Mimi ni kijana wa Katubuka hapa Kigoma, nina kisukari kile cha kutegemea insulini. Najichoma sindano tangu sekondari. Nilidhani kwenye ugonjwa huu hakuna tena cha kunishangaza.

Juzi kati jirani yetu Bibi Odeta, Mrundi aliyehamia hapa zamani, alipata mgeni. Mjukuu wake Kezia, binti wa miaka kumi na saba, kazaliwa Kanada. Kiswahili anakiokoteza, ila Kirundi anakimwaga.

Siku ya kwanza nikaona kiunoni ana kidude kama simu ndogo, kina kamba nyembamba inayoingia ndani ya blauzi. Kikalia "pii." Akabonyeza, akaendelea kula.

Wakuu, nilishindwa kuvumilia.

"Samahani dada, hicho ni nini?"

"Insulini," akasema. "Inaingia polepole, mchana na usiku. Nikitaka kula, naongeza."

Nikamwonyesha sindano yangu. Tukacheka kama ndugu waliopoteana.

Kuanzia hapo nikawa msumbufu. Ukilala inakuwaje? Ukioga? Chaji ikiisha? Akanionyesha kimrija cha plastiki kilichozama tumboni, kimebandikwa kwa gundi, na ile kamba inaungwa hapo. Bibi naye alikuwa akikitazama kile kidude kwa jicho la pembeni.

Jumamosi tukashuka Kibirizi kuogelea. Kezia akachomoa mashine, akaiacha kwenye begi, akaingia ziwani. Alipotoka akaunga kamba vizuri, nikamwona. Tukarudi nyumbani kula ugali na samaki wetu wa ziwani, migebuka. Akabonyeza kama kawaida, mashine ikakubali.

Alasiri akaanza kunywa maji bila kukoma. Kisha akatapika.

"Ni malaria hiyo," Bibi akasema. "Maji ya ziwa yamemwingia baridi."

Mimi kiu ile naijua. Nikakimbilia kipimo changu, nikamtoboa kidole. Hakikutoa hata namba, kiliandika tu kwamba sukari iko juu kupita uwezo wake.

Lakini mashine ilionyesha dawa imeingia yote! Hapo kichwa kikaniuma. Imeingia wapi?

Nilipoinama kumsaidia kukaa, nikasikia harufu. Wanaojichoma wanaijua, insulini inanukia kama plasta mpya. Ilikuwa inatoka kwenye blauzi yake.

"Kezia, umelowa dawa."

Akafunua. Gundi ilikuwa imeachia majini, kimrija kikachomoka, na mashine ikawa inamwagia nguo dawa bila habari.

Kichupa cha insulini alikuwa nacho. Sindano hakuwa nayo, miaka mingi hajaitumia. Nikampa mpya yangu. Akampigia mama yake Kanada, mama akamtajia dozi, akajichoma. Bibi alimshika bega akirudia kwa Kirundi, "Mwana wanje, mwana wanje," yaani mwanangu.

Hatukuishia hapo, maana kutapika kwa mwenye kisukari si jambo la kusubiri. Tukaita bajaji, tukampeleka hospitali, akawekewa dripu na kulazwa. Daktari alituambia kitu nilichokuwa sikijui: mwenye pampu hana akiba ya insulini ya muda mrefu mwilini kama sisi wa sindano. Ikikatika, hali inaharibika upesi.

Kesho yake mchana nilimkuta amekaa kitandani anakula uji, kafunga kimrija kipya.

Nikamuuliza, "Baada ya haya yote, si urudi tu kwenye sindano?"

Akatikisa kichwa. "Hapana. Na hii nalala vizuri. Mama yangu pia analala."

Nilichojifunza ni kwamba pampu si uponyaji, inahitaji mwenyewe awe macho. Pima sukari hata kama mashine inasema mambo safi, na usitembee bila sindano ya akiba.

Ila wakuu, sitaficha, nimeitamani. Kuna mtu humu anaitumia hapa Bongo, au ana mtoto anayeitumia? Vimrija mnavipata wapi, na joto hili gundi mnaishikishaje?

Kezia kesharudi kwao. Aliondoka na sindano zangu kadhaa mkobani, na Bibi ndiye aliyezipanga.