Mashine Iliyomkataa Mama Mtaro

Nikipanda mimi, inakwenda. Akipanda yeye, haiendi.

Sisemi kwa mafumbo. Tani nane za chuma, injini moja, ufunguo mmoja. Mimi nikikaa na kusukuma liva mbele, mashine inaondoka kama ng'ombe anayerudi zizini. Nikishuka akapanda yeye, injini inanguruma, moshi unatoka, magurudumu yametulia tuli.

Tulirudia mara tatu, mbele ya watu tisa.

Mtu mwenye akili angejiuliza, "Hapa kuna nini?"

Mimi nilijiuliza, "Kumbe ufundi wangu umefika kiwango hiki?"

Ndugu msomaji, nina miaka sitini na saba. Mashine nzito nimezitengeneza kwa miaka arobaini na mmoja. Shule niliiacha darasa la tano, nikaja kuimalizia kwenye masomo ya jioni nikiwa na mvi, dawati moja na mtu wa umri wa binti yangu. Cheti nimekitia fremu. Kipo sebuleni, juu kidogo ya televisheni, ili anayetazama taarifa ya habari anitazame na mimi.

Pale yadi wananiita Mzee Kamusi. Kwa miaka sita nilidhani ni sifa, mpaka mke wangu akanieleza.

Mashine yenyewe ni ile yenye bakuli kubwa mbele la kuzolea udongo, na mkono nyuma wa kuchimbia. Sisi tunaiita kijiko. Opereta wake alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, mkono mwepesi. Tulimwita Mama Mtaro kwa sababu mtaro wake ukiupigia kamba, huoni ulipopinda. Aliingia yadi kama mfagiaji. Wenzake wakienda kula, yeye alikuwa anajifunza kuendesha kijiko. Sasa ndiye alikuwa anachimba mtaro wa bomba la maji, kazi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo.

Kwa kifupi alikuwa mtu kama mimi, aliyejiinua mwenyewe.

Nakiri, hilo lilikuwa linaniudhi.

Siku waliponiita, kijiko kilikuwa kimegoma katikati ya uwanja wa yadi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Imefanyaje?"

"Inagoma na kuachia. Nikimaliza kuchimba nikageuza kiti nisogee mbele, haitaki. Na kabla haijagoma nasikia kitu kinafanya *tik*, hapa, chini ya makalio."

"Mama," nikamwambia, "giaboksi haikai chini ya makalio."

Watu wakacheka. Nikapenda walivyocheka.

Nikaanza vipimo. Oili ya giaboksi nilipima jinsi inavyotakiwa, injini ikiwa inaunguruma polepole na mashine imepata moto. Ipo kwenye alama. Rangi nzuri. Nikainusa kama ina harufu ya kuungua.

Haikunuka.

Nikanusa tena mpaka ikanuka.

"Mzee," akasema fundi mmoja, "hatuchukui geji tupime presha?"

Nikagusa sikio langu. "Geji ni hii."

Nikapanda. Miguu yangu ni mirefu, kwa hiyo nikasukuma kiti nyuma kama kawaida yangu, nikatia gia. Ikaenda. Akapanda Mama Mtaro, akajivutia kiti chake, akatia gia. Kimya. Hizo ndizo zile mara tatu nilizowaambia.

Meneja alikuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni. Nikapandisha miwani.

"Kuna msuguano uliopindukia katika sahani za klachi, utokanao na uendeshaji usiozingatia kanuni."

"Mzee, sema tukuelewe," akasema Mama Mtaro.

"Umeunguza klachi. Unabadilisha mbele na nyuma mashine haijasimama."

"Mimi? Sijawahi!"

"Mbona kwangu inakwenda? Anayejua kuibembeleza inamtii."

"Haki ya Mungu, Mzee, sijawahi."

Meneja akaniangalia. "Kamusi, una hakika?"

"Asilimia mia."

Sasa mjue jambo moja. Kwenye mlango wa ofisi kulikuwa na kanuni za yadi. Ya nne ilisema, opereta akiunguza giaboksi kwa uzembe, kazi hana. Nilikuwa naijua vizuri. Ni mimi niliyesahihisha mikato na nukta kwenye karatasi ile.

Mama Mtaro alisimamishwa siku hiyo hiyo. Barua ya kumfukuza ingetoka Ijumaa.

Nikashusha giaboksi. Kazi ya siku mbili hiyo, ya mgongo na matusi ya chini kwa chini. Nikaifungua, nikazitoa zile sahani za klachi moja moja, nikazipanga juu ya gazeti.

Zilikuwa nzima.

Si nzima ya kuvumilia, la. Nzima ya kuuzwa. Hakuna iliyobadilika rangi, hakuna iliyolika. Nilizigeuza, nikazipeleka juani, nikavaa miwani, nikaivua.

Hapo ndipo mwanamume mwenye haya angekwenda ofisini kusema, "Nimekosea." Ni hatua sitini kutoka karakana. Mimi nilikwenda hatua nne, nikachukua kalamu.

Nikaandika taarifa ya kurasa tatu. Jioni nikamsomea mke wangu, nimesimama, sauti ya redio. Nilipofika kwenye maneno "nyufa ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho," akaacha kukunja nguo.

"Kama hazionekani, wewe umezionaje?"

"Ni kwa uzoefu."

"Uzoefu una macho?"

"Wewe mwanamke, mambo ya ufundi hayakuhusu."

"Sawa. Ila huyo mama ana watoto wangapi?"

Nikaenda kuweka koma mahali.

Alhamisi, nilipokuwa narudishia giaboksi, Mama Mtaro alikuja kukabidhi kofia ngumu na ovaroli. Alikuwa ameifua na kuipiga pasi. Mtu anapiga pasi ovaroli ya kazi aliyofukuzwa!

Akachuchumaa kando ya gurudumu, mimi niko chini ya mashine naona viatu vyake tu.

"Mzee, sikuja kugombana."

"Sema."

"Mimi humu niliingia na ufagio. Kesho nikitoka na barua ya uzembe, hakuna yadi itakayonipa mashine tena. Nitarudi kwenye ufagio. Nakuuliza kitu kimoja. Uliifungua. Klachi uliziona zimeungua?"

Kule chini kulikuwa na oili inanidondokea shingoni. Niliiacha idondoke.

"Taarifa nimeshaandika," nikasema.

Viatu vikakaa kidogo, kisha vikaondoka.

Ijumaa asubuhi nikawasha kijiko. Nikapanda, nikajipanga, nikatia gia. Ikaenda mbele, ikarudi nyuma. Nikazunguka uwanja mzima mkono mmoja kwenye usukani kama bwana harusi. Nikashuka nikamkabidhi opereta mpya. Alikuwa jamaa mfupi, mkavu, kichwa kikubwa, jina lake la mtaani Kibiriti.

Sikuwa hata nimefuta mikono.

"Mzee! Mzigo wako umekufa!"

"Umekufaje? Nimetoka kuzunguka nao sasa hivi."

"Njoo uone."

Nikapanda. Ikaenda. Nikashuka nikamwangalia kwa huruma. Akapanda yeye. Ikagoma. Nikapanda. Ikaenda. Akapanda. Ikagoma.

Kibiriti hakuwahi kugusa mashine ile maisha yake yote. Angeunguza klachi lini?

Kibiriti hana masomo ya jioni. Lakini alikuwa ananitazama ninavyopanda.

"Mzee, kwani lazima usukume kiti? Kaa kama nilivyokaa mimi."

"Sitatosha."

"Jikunje."

Nikakaa. Magoti yaligusa kidevu, usukani ukanibana tumbo, nikawa kama panzi ndani ya kopo. Nikatia gia.

*Tik.*

Chini ya makalio.

Injini ikanguruma. Mashine haikusogea hata unywele.

Nikazima. Nikapiga magoti pale ndani nikapeleka mkono chini ya kiti. Liva ya mbele na nyuma haisukumi gia kwa nguvu. Inapeleka umeme tu, kwa waya, hadi kwenye vali za giaboksi. Waya ukikatika, giaboksi hata iwe mpya inakaa kama haijaambiwa kitu. Na waya ule ulikuwa umepita chini ya reli ya kiti. Kiti kikivutwa mbele, kama wanavyokaa watu wafupi, reli inaubana. Reli ilikuwa imeutafuna taratibu, wiki baada ya wiki, mpaka ndani zikabaki nyuzi mbili tatu zinazogusana na kuachana. Kiti kikirudi nyuma, zinagusana, na mzee mwenye miguu mirefu anajiona mganga.

Nikasema kwa hasira, "Mjinga gani amepitisha waya hapa?"

Kisha nikaiona teipu. Nyekundu, imezungushwa kwa mshazari, mwisho wake umekunjwa kipembe kidogo. Fundi mmoja tu pale yadi hukunja kipembe vile, ili fundi atakayefuata asipate taabu kuifungua.

Fundi aliyefuata nilikuwa mimi.

Nikakumbuka yote. Miezi minne nyuma waya ule ulikuwa umekatika. Njia yake halali inapita chini ya sakafu, na kuifungua sakafu ni nusu siku. Nilikuwa na haraka, nikaupitisha njia ya mkato. Angekuwa fundi mwingine ningemwandikia kurasa tatu.

"Vipi, Mzee?" akauliza Kibiriti. "Umeona kitu?"

Niwaambie ukweli, kwa sekunde chache niliwaza kunyamaza. Ningeuhamisha waya, ningesema nimerekebisha kitu kidogo, kijiko kingekwenda, na hakuna ambaye angejua. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika teipu.

Nikaangalia ofisini. Mama Mtaro alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, amevaa nguo nzuri za kanisani, anasubiri kuitwa akachukue barua.

Nikakata kile kipande cha waya kwa koleo, na teipu yake, nikazimaliza zile hatua sitini.

Tulifika mlangoni pamoja, yeye ameitwa, mimi sikuitwa. Barua ilikuwa mezani, saini tayari.

"Meneja," nikasema nahema, "ile taarifa yangu ina kosa. Ukurasa wa pili, aya ya tatu, pale niliposema nyufa..."

"Taarifa ipi?"

"Ya giaboksi. Ya kurasa tatu."

Akavuta droo, akatoa bahasha yangu. Ilikuwa bado imegundishwa.

"Sijaifungua," akasema. "Ya nini? Nilikuuliza pale uwanjani, ukasema asilimia mia. Miaka kumi na tisa hujawahi kuniambia kitu kikawa sivyo. Nilitia saini siku ile ile."

Jamani.

Nyufa zangu zisizoonekana, hakuna hata aliyezihitaji. Koma zangu zote zilikuwa za bure. Yaliyomfukuza Mama Mtaro ni maneno mawili niliyoyasema nimepandisha miwani.

Nikaweka waya juu ya barua. Nikaeleza. Nilipofika mahali pa kusema klachi nilizikuta nzima na bado nikaandika nilichoandika, Meneja akanisogezea maji yake. Sikuyanywa.

Akaichana barua vipande vinne. "Mama, umesikia. Rudi kazini. Samahani sana."

Nikageuka kwa Mama Mtaro. "Mwanangu, nisamehe."

"Hapana, Mzee."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Hapa tuko watatu, na mlango umefungwa," akasema. "Mimi ulinisema uwanjani."

Nikamwangalia Meneja anisaidie. Akawa anatazama dirishani.

Basi tukatoka. Watu waliacha spana wakasogea, na Kibiriti alikuwa ameshawapa fununu. Nilianza na "Ndugu wafanyakazi wenzangu, katika mazingira ya kiufundi..." nikaona Mama Mtaro anaangalia saa. Nikaanza upya.

"Waya niliufunga mimi," nikasema. "Vibaya. Klachi nilizifungua nikazikuta nzima, nikasema zimeungua. Huyu mama hakufanya kosa lolote. Alinieleza ugonjwa ulipo siku ya kwanza, nikamcheka."

Hakuna aliyecheka. Ningelipa chochote wacheke.

Meneja alininyang'anya ufundi mkuu kwa miezi sita, kila kazi yangu ikawa inakaguliwa na yule fundi aliyetaja geji. Ni haki. Nusu siku ile niliyoikwepa miezi minne nyuma niliitumia siku hiyo kufungua sakafu na kupitisha waya njia yake halali, Mama Mtaro amesimama juu yangu na tochi. Nilipomaliza alipanda, akavuta kiti mbele mpaka mwisho, akatia gia. Ikaenda. Akaenda nayo hadi kwenye mtaro wake bila kugeuka nyuma.

Amenisamehe? Sijui. Shikamoo ananipa kila asubuhi, lakini ni ile ya kumpa mzee yeyote unayepishana naye barabarani. Sina wa kumlaumu.

Wenye kujifunza wajifunze. Siku watu watakapoacha kukagua unayosema kwa sababu wanakuamini, usijipongeze. Ogopa. Kuanzia siku hiyo neno lako likiwa la uongo hakuna wa kulizuia njiani, na litamfikia mtu aliyekaa kwenye benchi akiwa na nguo zake nzuri.