Kigita Juu ya Mzigo wa Kuni

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipotoka Ruiru kwenda Theta nikiwa nimevaa gauni la kanisani, mikononi nimebeba ukulele nyekundu, lile gitaa dogo la nyuzi nne, niliyoifunga kwa leso. Nilijiona mtu. Jioni hiyo hiyo nilirudi nikilia njia nzima, na aliyeniliza ni mwanamke mzee ambaye hakunigusa hata kwa kidole.

Nakusimulia haya kwa sababu ya ile picha uliyonionyesha kwenye simu juzi. Mwaka huu peke yake umenunua ukulele nne, umezitundika ukutani kama watu wanavyotundika picha za harusi, kisha ukaniita nyanya kwa lugha yetu, ukaniuliza, "Cucu, kati ya hizi gani ndio kali?" Nilinyamaza ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa nimeenda mbali, miaka ya hamsini huko, mama yako alipokuwa hajaota hata jino.

Maana hata mimi, Njeri unayemwona hapa na magoti yake mabovu, nilikuwa na mwaka wangu wa kununua. Nilitaka gitaa kubwa kama la vijana waliopiga kwenye karamu za chai kule Thika, lakini gitaa lilikuwa la wanaume na bei yake ilikuwa ya wanaume. Mkosa titi la mama hunyonya hata la mbwa. Mwenye shamba la kahawa nililokuwa nikichuma aliwafungia watoto wake mizigo warudi kwao Ulaya, na mpishi wake akaachiwa kitu kidogo chenye nyuzi nne. Mpishi huyo aliniuzia, akanifundisha na mishiko mitatu ya vidole pale nyuma ya jikoni. Sisi tulikiita kigita. Kilikuwa na rangi ya chai ya jana, na ubavuni kilikuwa na ufa uliozibwa kwa nta. Sauti yake haikuvuka ua. Nilikipenda wiki ya kwanza, ya pili nikaanza kukionea haya.

Miezi michache baadaye nikaiona ile nyekundu. Ilikuwa dirishani mwa duka la Mhindi mmoja mjini Thika, inang'aa kama kahawa iliyoiva. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nikaamini kwamba kila kinachong'aa dirishani ni chema. Mwenye duka aliniona nimesimama nimeachama. "Chukua, dada," akaniambia. "Hii iko sauti tamu, na rangi yake hapana toka." Nilichukua. Mshahara wangu wa kuchuma ukaishia pale pale, na nikarudi nyumbani nikitabasamu peke yangu. Niliifunga kwa leso, nikawa naifungua jioni kuitazama, naipiga kidogo kwa ncha za vidole, kisha naifunga tena.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mama yako anapoingia.

Nyanya yako Wangari alikuwa rafiki yangu wa damu. Tulibatizwa siku moja, tukachuma kahawa mstari mmoja, mpaka alipoolewa akahamia Theta kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba jingine. Hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Wanaume walichukuliwa usiku na mchana, na babu yako alipelekwa kizuizini mimba ya Wangari ikiwa bado haijaonekana. Alijifungua peke yake, yaani bila mume na bila habari za mume. Aliyempokea mtoto ni Cucu Wairimu, mkunga wa kambi ile, mwanamke mwembamba mwenye sauti kavu aliyekuwa haogopi mtu yeyote isipokuwa Mungu, na hata huyo nadhani walikuwa wakielewana tu.

Habari zilizonifikia hazikuwa nzuri. Wangari alikuwa amegeukia ukuta. Hali chakula, hasemi, maziwa yanakauka kifuani, na mtoto analia sauti nyembamba ya njaa. Wanawake walianza kunong'ona kwamba huenda tutazika wawili.

Wewe unajua itega. Mama akijifungua, wanawake humwendea na mzigo: kuni, unga wa uji, maziwa, ndizi. Haendi mtu hivi hivi. Lakini mimi mshahara wangu ulikuwa umelala ndani ya leso, na kuni nilikuwa na uvivu nazo. Nikajiambia kwamba Wangari hana haja ya kuni, ana haja ya furaha. Nitampigia ile nyekundu na atacheka kama zamani. Nikaomba pasi ya kutoka, nikavaa gauni, nikaenda.

Pale mlangoni nilikuta wanawake watano sita wameshusha mizigo yao, mapaji ya nyuso bado yana alama za mkanda wa kubebea. Cucu Wairimu akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Umetuletea nini, Njeri?"

"Nimeleta wimbo, Cucu," nikasema, nikafungua leso.

Hakucheka. Ni afadhali angecheka. Aliinama akaitazama ile ukulele kwa makini, akaniambia, "Ni nzuri. Sasa iweke chini ya sufuria tuone kama itachemsha maji."

Wale wengine wakaangalia chini. Mmoja alikohoa ili asicheke.

"Mkono mtupu haurambwi, wewe kairitu, binti mdogo wewe," Cucu akaendelea, bila kupandisha sauti. "Huyu ndani ana baridi. Mtoto wake ana njaa. Wewe umevaa, umejipaka mafuta, umekuja kuonwa. Nenda nyumbani. Ukipata kitu cha kumbebea rafiki yako, mlango huu hauna kufuli."

Mwanangu, niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Sikumwona hata Wangari. Niligeuka nikashika njia, na nilipofika kwenye kahawa ambapo hakuna wa kuniona, nikalia. Kwanza nililia kwa hasira. Nilimtukana Cucu Wairimu moyoni kwa maneno ambayo mchungaji akiyasikia leo hatanipa meza ya Bwana. Lakini hasira ni kama moto wa majani makavu, haukai. Kabla sijafika Ruiru nilikuwa nalia kwa jambo jingine: rafiki yangu alikuwa amelala nyuma ya ukuta wa udongo, hatua chache kutoka nilipokuwa, na mimi nilikuwa nimekuja kuonyesha rangi.

Jumapili baada ya ibada niliingia mashambani ambako tuliruhusiwa kuokota matawi ya kahawa yaliyokatwa. Nikakusanya mzigo wa kweli, wa kuumiza shingo. Kwa jirani nikaomba kibaba cha unga, naye akanipa akiguna. Nilipokuwa nafunga mzigo nikaitazama ile nyekundu. Nilitaka kwenda nayo, sikufichi. Bado niliamini Wangari angependa kusikia kitu. Lakini ningeibebaje? Mgongoni zimejaa kuni, mkanda uko kwenye paji la uso, na kila tawi lina ncha ya kukwaruza. Sikuweza kuvumilia ikwaruzwe. Basi nikachukua kile kigita kizee chenye ufa, nikakichomeka juu kabisa ya kuni, nikakifunga kwa kamba kama kuku anayepelekwa sokoni. Sikukiogopea chochote, na kwa sababu hiyo kikaenda.

Nilipofika Theta, Cucu Wairimu alikuwa peke yake na Wangari. Alinisaidia kushusha mzigo. Akakiona kile kigita, akakiacha palepale juu ya kuni. Nikavua viatu, nikawasha moto, nikateka maji, nikapika uji ukawa laini. Nikampelekea Wangari kwa kikombe. Alikuwa amelala vile vile, uso ukutani, mtoto kando yake kama mkunjo wa nguo. Nilimwita mara nyingi. Hakugeuka. Uji ukaanza kupoa mkononi mwangu, na hapo nikaogopa kwelikweli, maana sasa nilikuwa nimeleta kila kitu nilichoambiwa na bado hakikutosha.

Cucu Wairimu alikuwa amekaa karibu na moto akivunja matawi. Akaniuliza, "Hicho kitu chako kinaweza kuongea polepole?"

"Hakiwezi kuongea kwa nguvu hata nikitaka, Cucu."

"Vizuri." Akatupa tawi motoni. "Mtoto huyu hajapigiwa ngemi."

Nilimtazama nisielewe. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake hutoka nje wakapiga ngemi, ndivyo vigelegele vyetu: mvulana mara tano, msichana mara tatu. Ndivyo dunia inavyoambiwa kwamba kuna mtu mpya. Asiyepigiwa ngemi ni kama mgeni aliyeingia nyumbani na hakuna aliyemwambia karibu. Lakini askari wa kambi ile alikuwa amekataza kelele zote za wanawake, na usiku ule mama yako alipozaliwa, Cucu Wairimu alimpokea kimyakimya kama mtu anayepokea kitu cha wizi.

"Mama yake alingoja," Cucu akasema. "Nilimwona akisikiliza. Aliposikia hakuna, ndipo akageuka kule." Kisha akanikazia macho. "Jana nilikukaripia kwa kuleta wimbo bila kuni. Sikusema wimbo ni mbaya. Kuni ziko, uji uko. Sasa cheza."

Nikakifungua kigita. Mikono ilikuwa inanuka moshi na vidole vimekwaruzika. Nikazipapasa zile nyuzi nne kwa kidole kimoja, harakaharaka, kwa kutetemesha, nikianza chini na kupanda juu, kama ulimi unavyotetemeka mdomoni mwa mwanamke mwenye furaha. Sauti ilijaa kile chumba na haikutoka nje. Nikapiga ya kwanza. Nikapiga ya pili, na Cucu Wairimu akaitikia chini ya pumzi yake, mkono mdomoni. Nikaanza ya tatu. Tukasikia viatu vya mtu vikipita nje, nikaikata katikati, nikatulia. Viatu vikapita vikaenda zao.

Halafu kutoka kitandani, kwa sauti iliyokauka kama gome, Wangari akasema:

"Ya tatu umeikata. Rudia."

Nilishindwa kuona nyuzi kwa machozi. Nikarudia. Niliivuta ile ya tatu mpaka mkono ukachoka, na nilipomaliza Wangari alikuwa amegeuka. Alikuwa amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa, lakini yalikuwa yananitazama mimi. "Mbona unalia wewe?" akaniuliza. "Lete huo uji."

Alikunywa wote, baridi vile ulivyokuwa. Cucu Wairimu akamwekea mtoto kifuani na akaamuru mwingine upikwe. Ndiye mama yako huyo, Nyambura, unayemwona leo akifoka kanisani watu wakiimba nusu nusu. Amekuwa hivyo tangu siku ile, hapendi jambo likatwe. Na babu yako aliporudi, mtoto akiwa tayari anakimbia, swali lake la kwanza lilikuwa kama bintiye alipigiwa ngemi. Wangari akamwambia, "Zote tatu, na moja ya ziada." Mzee wa watu akakaa chini akashika kichwa.

Tangu hapo Cucu Wairimu akawa ananiita. Mwanamke akijifungua kule Theta, hata Murera, alituma neno: mwambieni Njeri aje na kuni zake na kile kigita. Kwa mpangilio huo huo, kuni kwanza. Kigita kile kilisafiri juu ya mizigo mpaka kikaota alama kila mahali, na mimi nikaacha kukionea haya.

Utaniuliza ile nyekundu iliishia wapi. Ilibaki kwenye leso, juu karibu na mabati. Joto likaifanyia kazi polepole, na siku nilipoifungua shingo ilikuwa imeachana na tumbo. Yule Mhindi hakunidanganya, rangi haikutoka kamwe. Kilichotoka ni gundi.

Basi, mwanangu, hili ndilo jibu la swali lako. Sikukatazi kununua. Kijana asiyependa kitu kizuri ana walakini, na hizo nne zako ni nzuri, hasa ile ya bluu. Lakini kitu unachokipenda mpaka unaogopa kutoka nacho nje kitazeekea ukutani pamoja na wewe. Na unapoenda kwa mtu mwenye shida, usimbebee furaha mkono mtupu, maana tumbo likiwa baridi masikio hayasikii. Wala usidhani ukishusha kuni umemaliza. Nimewaona watu wengi wakishibishwa na bado wamegeukia ukuta, kwa sababu hakuna aliyekuja kuwaambia kwamba kuja kwao duniani ni habari njema. Vyote viwili, mwanangu. Mzigo kwanza, na wimbo juu yake.

Juzi uliniambia rafiki yako amejifungua kule Murera na kwamba utamwona ukipata nafasi. Nafasi haipatikani, hutengwa. Kesho nenda. Nunua unga, maziwa na hizo nepi zenu za kisasa, ubebe mwenyewe. Kisha simama mbele ya ukuta wako, uchukue ile ukulele usiyoiogopea. Hiyo ndiyo kali zaidi.

Njoo karibu nikutemee mate kifuani kama mama zetu walivyobariki, na mchungaji asisikie. Mikono yako isikose cha kubeba wala vidole vyako visikose cha kupiga. Milango ya watu ikufungukie kabla hujabisha. Na Mungu akikupa wako wa kuwapigia ngemi, akupe na pumzi ya kutosha, ya mwisho usiikate.